Bahari ya Unyamwezi: Somo juu ya Vielelezo na Namna ya Kuvijaribu



Katika toleo hili ukurasa wa mafunzo unaangalia jambo ambalo kamati za maendeleo za usharika hukutana nalo kila zinapokaa kuandika andiko la mradi, yaani kielelezo. Kwa neno hili tuna maana ya picha au maelezo yaliyorahisishwa yanayoonyesha jinsi jambo fulani linavyokwenda, ili tuweze kukisia kitakachotokea tukifanya hivi au vile. Ramani ni kielelezo. Bajeti ni kielelezo. Hata sentensi kama "tukichimba kisima, kuhara kwa watoto kutapungua" ni kielelezo, ingawa haikuchorwa. Mtaalamu wa hali ya hewa, mganga, mchumi na mtafiti wa udongo wote hutengeneza vielelezo, kisha hutafuta mbinu za kuvijaribu. Sisi wa maendeleo mara nyingi huletewa vikiwa tayari vimeandikwa, pamoja na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi.

Mifano ya kujifunzia tunayo karibu. Ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ilipitisha pembe, nguo, shanga na watumwa. Ilipitisha pia habari. Juu ya habari hizo kulijengwa mojawapo ya vielelezo mashuhuri kuhusu Afrika, nacho kilikuwa na makosa makubwa.

Ramani yenye ziwa moja

Mwaka 1855 wamisionari wawili Wajerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walipeleka Ulaya ramani ya bara letu. Walikuwa wakifanya kazi karibu na Mombasa chini ya shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza. Rebmann ndiye aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na baadhi ya wataalamu wa London hawakumsadiki. Erhardt naye alikaa Tanga miezi kadhaa akiwauliza wafanyabiashara waliokwisha kusafiri bara. Hakuna kati yao wawili aliyefika Unyamwezi. Hata hivyo kwenye ramani waliweka maji mamoja makubwa mno, kutoka karibu na ikweta hadi mbali kusini, yenye umbo la konokono asiye na gamba. Waliyaita Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi.

Walifikiaje hapo? Waliwauliza watu walioanza safari sehemu mbalimbali za pwani: upande wa Tanga na Pangani, upande wa Bagamoyo, na Kilwa. Wote walisema kwamba ukienda magharibi siku nyingi, mwisho unafika kwenye maji makubwa. Wamisionari wakaona kwamba kama wote wanafika majini, basi maji hayo ni mamoja. Leo tunajua kwamba walikuwa wakisimulia maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kila shahidi alisema kweli. Kosa liliingia katika kuunganisha.

Tunaomba wanakamati wakae kidogo hapa, maana jambo hili linatuhusu. Sharika tatu zinapoandika "shida ya maji" katika fomu ya mahitaji, ofisini ni rahisi kuchora ziwa moja, yaani mradi mmoja wa visima kwa wote. Kumbe usharika wa kwanza maji yapo lakini ni ya chumvi, wa pili pampu imekufa na hakuna fedha za vipuri, na wa tatu wanawake wanatembea saa mbili. Hakuna aliyeandika uongo. Lakini fundi wa kuchimba atawafaa wa tatu tu, na fedha za hao wawili wengine zitakuwa zimekwenda ardhini.

Ziwa lilivyogawanyika Kazeh

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Kazeh palikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu, na mmoja wao, Snay bin Amir, aliwaambia jambo ambalo London hawakulijua: hiyo mnayoiita bahari ni maziwa matatu. Kwa hiyo ramani ilirekebishwa Unyamwezi, kwa maneno ya mwenyeji wa njia, kabla Mzungu yeyote wa msafara ule hajaona hata ziwa moja kati ya hayo. Kisha wakaenda kuhakikisha. Februari 1858 walifika Ujiji. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo Speke, akiwa amemwacha Burton mgonjwa Kazeh, alisimama upande wa Mwanza akatazama Nyanza.

Sisi hatuwacheki Erhardt na Rebmann. Ramani yao ilikuwa na sifa moja ambayo maandiko mengi ya miradi hayana: ilisema jambo bayana kiasi kwamba mtu angeweza kufunga mizigo, kwenda, na kuonyesha kuwa si kweli. Andiko linalosema "jamii itawezeshwa" haliwezi kukosea kamwe, na kwa sababu hiyohiyo halitufundishi kitu.

Baada ya hapo likaja swali la mto Nile. Speke alisema unatoka Nyanza. Burton alibisha, akashikilia kwamba huenda Tanganyika ndilo linalotoa maji yake kaskazini kwa mto Rusizi. Mabishano yalikuwa makali, nayo yalijengwa juu ya vipimo hafifu. Kwa mfano, Speke alipima kimo cha maziwa kwa kuangalia maji yanachemka kwenye joto gani, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa Nyanza alipata karibu futi 3,740, ambayo ni karibu sana na kweli. Kwa Tanganyika alipata karibu futi 1,850, wakati kimo chake ni kama futi 2,530. Mtu yuleyule na mbinu ileile, lakini jibu moja sahihi na jingine limepungua kwa futi karibu 700. Kipimo kilichofanya kazi vizuri mahali pamoja bado kinahitaji kukaguliwa mahali pengine.

Suala la Rusizi lilimalizwa na mtumbwi. Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji wakapiga makasia hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaangalia maji yanakwenda upande gani. Yanaingia ziwani. Wenyeji wa kule walikuwa wamewaambia Burton na Speke hivyo hivyo mwaka 1858. Hata hivyo Livingstone mwenyewe hakuwa tayari kuacha wazo lake kwamba mto Lualaba ndio Nile. Alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hadi Agosti 1872, akaondoka kuelekea kusini nalo, akafa mwaka 1873. Mwaka uliofuata Verney Lovett Cameron alipima Lualaba pale Nyangwe. Aliukuta uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, na maji yake ni mengi kuliko ya Nile. Maji hayapandi mlima. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo hadi Atlantiki, nao ukawa Kongo.

Karanga za Urambo

Kutoka Tabora kuelekea Kigoma tunapita Urambo, na hapo kuna somo la pili, ambalo gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa hivi, sehemu ya safari ikiwa kwa ndege. Ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa nchini mwetu: Kongwa, Nachingwea na Urambo.

Kielelezo chao kwenye karatasi kilikuwa kizuri: eka fulani mara mavuno fulani, trekta moja kwa kazi ya watu kadhaa, gharama kwa tani. Kila hesabu ilikuwa imekokotolewa vizuri. Kilichokosekana ni shamba dogo la kuonyesha kama tarakimu za mwanzo ni za kweli. Wakati ulionekana hautoshi. Kongwa mvua haikutabirika, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu karanga zikiwa bado ardhini. Visiki na mizizi vilivunja mashine, ikiwa ni pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mpango ulisimamishwa Januari 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta deni la pauni milioni 36 hivi.

Urambo, ambako mvua ni afadhali, mashamba yalielekezwa kwenye tumbaku. Tumbaku ya kukaushwa kwa hewa ya moto inataka kuni nyingi, na kuni hizo zimetoka katika misitu yetu ya miombo. Kwa hiyo jibu la swali moja likazaa swali jingine, ambalo wakulima wa Tabora wanaishi nalo hadi leo.

Kupiga kura shambani

Linalosikitisha ni kwamba mbinu ya kujaribu mambo ya shamba ilikuwapo tayari. Kuanzia mwaka 1919 Ronald Fisher alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, akaonyesha jinsi ya kupima mbolea au mbegu kwa haki. Gawa shamba vipande vingi vidogo, kisha piga kura ni kipande kipi kipate mbolea na kipi kikose. Kwa nini kura? Kwa sababu mtu akichagua mwenyewe ataipeleka mbegu mpya kwenye udongo mzuri, hata bila kukusudia. Sisi wa kamati tunalifahamu hilo. Mradi wa majaribio hupelekwa kwenye kikundi kilicho hodari, kikundi kinafanya vizuri, nasi tunausifu mradi.

Kituo cha utafiti cha Tumbi, hapa Tabora, pamoja na shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, walifuata njia hiyo ya vipande katika kutafuta jibu la kuni. Walijaribu miti inayokua haraka, hasa Acacia crassicarpa kutoka Australia na Papua New Guinea. Miti hupandwa pamoja na mahindi miaka miwili au mitatu ya kwanza, huachwa ikue hadi kama mwaka wa tano, hukatwa kwa kuni, kisha mahindi hurudi. Mbinu ni nzuri. Lakini kipande cha kituo kina mlinzi na hakiingiliwi na ng'ombe. Kwa mkulima mwenye ekari mbili, mahindi hupungua kadiri miti inavyopanda, na moto wa kiangazi hauulizi shamba ni la nani. Ndiyo maana jaribio la kituoni linapaswa kufuatwa na jingine katika shamba la mkulima, kwa jembe lake mwenyewe.

Mwanza na Rakai

Mfano wa mwisho unatoka katika afya, na tunauleta kwa ajili ya wafadhili hasa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walijaribu Mwanza wazo hili: kutibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa katika zahanati za kawaida kutapunguza maambukizi mapya ya VVU. Walichukua maeneo 12, wakayapanga jozi sita za maeneo yanayofanana, na katika kila jozi moja likaanza kupata huduma iliyoboreshwa. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 katika maeneo yenye huduma hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995, na dunia ikafurahi.

Kisha mwaka 1999 yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Kule watu wote walipewa dawa kwa pamoja kila baada ya miezi kumi. Hakukuwa na tofauti yoyote katika VVU. Je, Mwanza walidanganya? Hapana. Mbinu hazikufanana, kwa sababu Mwanza mgonjwa alitibiwa siku alipokuja na dalili zake, na Rakai dawa ilikuja kwa ratiba. Tena janga la Rakai lilikuwa la muda mrefu zaidi, na virusi vilikwisha kuenea kwa njia ambazo matibabu hayo yasingeweza kuziba. Kama Mwanza pekee ndiyo ingejaribiwa, tungeandika kwamba dawa hii inafaa kila mahali, na hilo lingekuwa ziwa moja tena.

Wengine wametuuliza kama ni haki kijiji kimoja kianze na kingine kingoje. Swali ni la haki, na halina jibu jepesi. Sisi tunaona hivi: fedha zikiwa hazitoshi vijiji vyote mwaka huu, kuna kitakachongoja tu, na kura ya hadharani ni afadhali kuliko kuchagua kwa kujuana. Lakini pale ambapo faida inajulikana tayari, kama chanjo ya surua, kumngojesha mtoto ili tupate takwimu ni dhambi.

Kwa majadiliano ya kamati

Kabla ya kikao cha robo mwaka, chukueni andiko moja mlilonalo sasa. Andikeni kwa sentensi moja, kwa Kiswahili cha nyumbani, kielelezo kilichomo: tukifanya nini, nini kitabadilika, kwa nani. Je, kilijaribiwa wapi, na mahali hapo panatofautiana vipi na kwenu katika mvua, umbali na mikono ya kufanya kazi? Ni jambo gani mkiliona baada ya mwaka mmoja mtakubali kwamba mlikisia vibaya? Na nani kijijini, mchunga ng'ombe au mama anayechota maji, anayajua tayari majibu na hajaulizwa? Leteni majibu yenu kwa maandishi, hata nusu ukurasa.