*Darsa ya Ramadhani 10: Deni la Bibi*



Ndugu zangu na mama zangu, poleni na swaumu. Wanavyuoni wengi wa sira wanaeleza kwamba Bi Khadija (r.a.) alifariki katika mwezi huu wa Ramadhani, miaka 3 kabla ya Hijra. Basi leo tuwazungumze mabibi zetu waliotangulia. Kuwakumbuka tunawakumbuka sana. Futari ikiwekwa tu, hakosi mtu wa kusema "uji huu siyo kama wa marehemu Bibi". Sasa tuulizane, yeye huko aliko anapata nini katika kumbukumbu hiyo?

Tumtazame Mtume (s.a.w.). Katika Bukhari na Muslim, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alikuwa akimtaja Khadija mara kwa mara, na pengine akichinja mbuzi au kondoo humkatakata kisha akawapelekea nyama wale waliokuwa marafiki wa Khadija. Na Bibi Aisha anakiri kwamba hakuna mke aliyemwonea wivu kama huyo, naye hata hakumkuta. Zingatieni jambo hili. Khadija kazikwa Makka, miaka imepita, Mtume yuko Madina ana shughuli za umma mzima, na bado anajua marafiki wa mkewe ni nani na wanakaa wapi.

Niwape habari ya bibi yangu, mzaa mama. Huyu ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti, kabla sijapelekwa chuoni. Kusoma gazeti hakuweza, lakini msahafu aliusoma. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili na kuuza mikeka, na kwa mikeka hiyo wajukuu tulivishwa kanzu za Idi. Ukimwuliza kwa nini halali baada ya Alfajiri, alikuwa akijibu, "Nikilala nani atawaombea nyie watundu?"

Ramadhani yake ya mwisho kabla ya ile aliyofia, alishikwa na homa kali, akala siku 20. Alipopona akachukua mkaa, akachora mistari 20 nyuma ya mlango wa chumba chake. Akawa analipa Jumatatu na Alhamisi, siku anazojisikia nguvu. Kila akilipa moja anakata mstari. Hakumtangazia mtu. Mama ndiye aliyekuwa akijua, maana ndiye aliyempikia daku.

Alipofariki, siku ya tatu wazee walikaa kikao. Mazungumzo yote yakawa hitma ya arubaini. Ng'ombe mmoja au wawili? Turubai likodiwe wapi? Nani aalikwe kutoka mjini? Mama akawaacha waseme wee, kisha akawaita chumbani, akaufunga mlango ili waone nyuma yake. Mistari 9 ilikuwa haijakatwa.

Mjomba mmoja akasema, "Mama alikuwa mchamungu, Allah hawezi kumdai." Mama akamjibu, "Yeye mwenyewe alijiona anadaiwa. Wewe ni nani umfutie?" Kukawa kimya pale chumbani. Kwa kweli sijasikia fatwa fupi kama ile mpaka leo, na aliyeitoa hakusoma kitabu chochote cha fiqhi.

Akaitwa sheikh wa mtaa. Akawaeleza, nami nawaeleza hivyohivyo kwa madhehebu yetu ya Shafi. Mtu akila kwa ugonjwa, na akafa katika ugonjwa huohuo bila kupata nafasi ya kulipa, hana deni. Akipona, akapata nafasi, kisha akafa kabla ya kumaliza, jamaa yake anaweza kumfungia. Iko hadithi sahihi ya Bibi Aisha, na ndiyo kauli aliyoipa nguvu Imamu Nawawi. Au kila siku moja itolewe kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini, apewe maskini, na kitoke katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Ama mzee aliyechoka kabisa, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, huyo halipi kwa kufunga. Anatolewa kibaba kwa kila siku.

Nasisitiza neno *maskini*. Sahani ya pilau unayomwekea mgeni rasmi mwenye gari siyo fidya, hata ukiisomea dua ndefu namna gani.

Zile siku 9 tukagawana. Mama 3, khalati yangu 3, mimi 3, nilikuwa nimeshabaleghe. Ng'ombe akabaki mmoja, na hakuna mtu aliyelalamika kukosa nyama.

Jambo la pili ni somo yake Bibi, kikongwe wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye walisuka pamoja tangu uwanawali. Kila Ramadhani Bibi alikuwa akimpelekea bakuli la futari, muhogo wa nazi au magimbi, kabla ya sisi kutiliwa. Bibi alipoondoka, Mama aliendelea na bakuli lilelile mpaka yule naye akaitwa na Mola wake. Mwaka wa kwanza lilipofika alilia, akasema alidhani yeye pia ameshazikwa.

Sasa angalieni mitaani kwetu. Bibi amefariki, wajukuu wameweka picha yake kwenye simu, maneno mazuri, watu 200 wanaandika "amin". Rafiki yake wa miaka 50 anafuturu chai kavu peke yake, na hao wajukuu wanapita mlangoni kwake wakienda Tarawehe.

Kwa hiyo leo kabla ya Magharibi, aliyefiwa na bibi au mama aulize nyumbani mambo mawili: alikuwa na siku za kulipa? Na rafiki zake waliobaki ni kina nani? Waulizeni shangazi na khalati zenu, hao ndio wenye siri za wazee. Na ambaye bibi yake yuko hai, amwulize yeye mwenyewe, kwa adabu. Wengi wana hesabu za miaka na wanaona haya kuzisema mbele ya vijana.

Hesabu ya vibaba tutaisoma leo baada ya Alasiri hapa msikitini. Kina mama mlango wa nyuma, kama kawaida.

Allahumma warehemu mabibi zetu na mama zetu waliotangulia, yatie nuru makaburi yao, na uwape afya waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.