Somo: Tuhesabu Majani Kwanza, Ndipo Tununue Ng'ombe

Mwenye eka mbili au tatu katika nyanda za juu zenye mvua aweza kunenepesha ng'ombe wachache. Lakini tusianzie mnadani, tuanzie shambani.

Maksai wa kilo 250 hula kama kilo 6 au 7 za chakula kikavu kwa siku. Kwa kuwa mabingobingo mabichi yana maji mengi, yatupasa kumkatia kilo 35 hivi. Maksai watatu ni zaidi ya kilo 100 kila siku, hata kiangazi. Asiyepiga hesabu hii huishia kuuza mnyama aliyekonda.

Tupande kwa nafasi ya mita 1 kwa nusu mita, tutie samadi, na tukate yafikapo kimo cha mita 1, kwani yakikomaa lishe hupungua. Mpakani tupande lusina, ila isizidi theluthi ya chakula. Ziada ya masika tuikatekate, tuishindilie shimoni na kuifunika, hewa isiingie.

Wawili walioshiba wana faida kuliko watano wenye njaa.

Swali la kujadiliana: Shamba lako latosha ng'ombe wangapi mwezi wa Septemba?