Barua Ibaki ya Mwenye Barua

Tuseme wakulima wa Kabambare, mashariki mwa Kongo, wanamwandikia msimamizi wa teritwari: "Tunaomba barabara ya Kasongo itengenezwe kabla ya mvua. Magunia 15 ya mpunga yameoza njiani." Akili bandia ikiambiwa tu "rekebisha", huenda ikaleta: "Tunaomba miundombinu ya usafirishaji iboreshwe ili kukuza uchumi." Sarufi safi, lakini barabara haimo, mvua haimo, mpunga haumo. Ukiunda programu ya kuandikia, zuia hasara hiyo hivi:

1. Usifute maandishi ya awali. Mwaka 1902 na 1903, Mjerumani Heinrich Brode alichapisha Berlin maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyetawala biashara yake kutoka Kasongo, kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Brode aliyatoa katika herufi za Kiarabu akayaweka katika za Kilatini, akaongeza tafsiri ya Kijerumani. Kwa kuwa Kiswahili chenyewe kilichapwa, hadi leo msomaji anaweza kumkagua mfasiri. Kwenye simu, weka sentensi ya mtu juu na pendekezo chini yake.

2. Tenganisha kazi. Weka vitufe vya "Sahihisha tahajia", "Fupisha" na "Andika kwa heshima". Aliyetaka tahajia inyooshwe asiandikiwe barua mpya.

3. Kila badiliko liwe na "Kubali" na "Acha". Kitufe cha "Kubali yote" kije mwisho, baada ya mtu kusoma.

4. Funga majina, tarehe na tarakimu. Programu ikitaka kugusa "15" au "Kasongo", iulize kwanza.

5. Usikihesabu Kiswahili cha Kongo kuwa makosa. Anayemwandikia ndugu yake "iko na homa" ameeleweka. Asisukumiwe "ana homa". Kwa barua ya ofisini, aulizwe anataka Kiswahili kipi. Maneno ya Kifaransa aliyoyachanganya kwa makusudi yaachwe.

6. Mtandao ukikatika, kazi isipotee. Rasimu na matoleo yake ya nyuma yakae ndani ya simu, na kurudi nyuma kuwe kwa kitufe kimoja.

Kisha jaribu na waandikaji wenyewe. Mtu akimaliza kusahihisha, aiweke simu kando akueleze kwa mdomo anaomba nini, kwa nani, na kwa sababu gani. Linganisha na barua. Jambo alilolitaja likikosekana humo, kosa ni la programu yako: tafuta ni kitufe gani kililiondoa, ukitengeneze kabla ya kumpa mtu mwingine.