Simu Inayoita kwa Mwanga



Somo la safari hii linahusu kitu kidogo ambacho kimo ndani ya simu nyingi za mkononi, na ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua. Ni ile taa ya nyuma ya simu kumulika yenyewe ujumbe unapoingia. Tumechagua somo hili kwa sababu katika vikundi vya kando ya ziwa, kutoka Mbita hadi Takawiri, mambo ya kikundi siku hizi yanapitia kwa simu. Mkutano unaitishwa kwa simu, mchango unatumwa kwa simu, na mkopo unatoka kwa simu. Mwenzetu asiyesikia simu ikilia anabaki nyuma, halafu tunamtoza faini ya kuchelewa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja kiziwi ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa pale Takawiri. Asubuhi yuko ufuoni anaanika omena. Simu yake iko chini ya kikapu. Saa nne katibu anatuma ujumbe kwamba mkutano wa kesho umesogezwa, utakuwa leo saa nane, kwa sababu kesho kuna matanga. Wengine wanaoanika omena wanasikia simu zao, wanafunga kazi na kwenda. Mama huyu anauona ujumbe jioni. Zamu yake ya mkopo imepewa mtu mwingine, na jina lake limeandikwa katika orodha ya wasiofika. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Lakini amepoteza mtaji wa mwezi mzima.

Kuna watu watasema, "Si ana mtoto? Mtoto atamwambia." Kwanza, mtoto yuko shuleni saa hizo. Pili, hebu tujiulize wenyewe: ni nani kati yetu angependa mtoto wa gredi ya tano ajue akiba yake, deni lake na namba yake ya siri ya M-Pesa? Mtu mzima akitegemea sikio la mtoto, siri zake za pesa zinatembea kijiji kizima.

Na si pesa peke yake. Ziwa letu linaua. Kati ya mwaka 2017 na 2021 mradi ulioitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia nchi zinazozunguka ziwa hili kuwapa wavuvi utabiri wa upepo na mawimbi. Onyo la namna hiyo likiingia kwa simu jioni, mvuvi anayesikia analisoma kabla ya kusukuma mashua. Mvuvi kiziwi, kama simu imelala kimya kwenye mfuko wa koti, anaingia majini bila habari.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe. Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa kwamba mwanga unaweza kuita. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Viziwi nao wametumia mwanga kwa muda mrefu. Huko Marekani mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alitengeneza chombo cha kuwawezesha viziwi kuandikiana kwa njia ya simu ya waya, na taa ya kuwaka na kuzima ikawa ndiyo kengele yao ya nyumbani. Kwa hiyo hili si jambo geni, limehamia tu kwenye simu ya mfukoni.

Namna ya kuiwasha ni hii. Fungua mahali palipoandikwa "Settings", au "Mipangilio" kama simu yako inasoma Kiswahili. Kwa juu utaona mahali pa kutafutia, penye alama ya kioo cha kukuzia. Andika hapo neno "flash". Tunashauri njia hii ya kutafuta kwa sababu kila kampuni huficha kitu hiki mahali pake, na ukifuata maelezo ya simu ya jirani utapotea. Simu za Android za toleo la 14, lililotoka mwaka 2023, na zile za baadaye, kwa kawaida zitakuonyesha "Flash notifications". Ndani yake kuna swichi mbili: moja ni ya taa ya kamera iliyo nyuma, nyingine ni ya kioo cha mbele kung'aa kwa rangi utakayoichagua. Simu kadhaa za Samsung zilikuwa nacho hata kabla ya hapo, upande wa "Accessibility". Kama kuna aliyepewa iPhone kuukuu na ndugu wa mjini, aingie "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Audio & Visual", atakiona hapo; iPhone imekuwa nacho tangu mwaka 2011. Simu hiyo humulika ikiwa imefungwa, yaani kioo kimezimwa, kwa hiyo usishangae ukiijaribu huku umeiwasha na isifanye kitu.

Zile simu ndogo za kabambe, ambazo tuliziita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, nyingi haziwezi kufanya hivi. Tochi inawaka ukiiwasha mwenyewe tu. Mwenye kabambe ategemee mtetemo: aiweke simu mwilini mchana, na usiku chini ya mto wa kulalia.

Usikimbilie kupakua programu yoyote inayoahidi kumulika. Programu za namna hiyo huomba ruhusa ya kuona arifa zako zote, na arifa zako ni pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Kama simu ina swichi yake yenyewe, tumia hiyo.

Ukishaiwasha, jifunze kuiweka simu. Taa iko nyuma, kwa hiyo simu ilazwe kifudifudi, kioo chini, taa ikitazama juu. Ndani ya nyumba na wakati wa jioni mwanga unaonekana hata ukiwa umegeuka, kwa sababu unapiga ukutani na kwenye mabati. Lakini tuseme ukweli: kwenye jua la saa sita pale ufuoni hautauona vizuri, na chini ya kikapu hautauona kabisa. Yule mama wa omena anahitaji vyote viwili, mwanga akiwa nyumbani na mtetemo simu ikiwa imefungwa kiunoni kwa leso akiwa kazini.

Jambo jingine ni chaji. Taa inakula betri, na visiwani wengi wetu tunalipia kuchaji. Kama kundi la WhatsApp linatuma salamu na picha mchana kutwa, taa itamulika mchana kutwa, na mwenye simu atachoka aizime. Afadhali kikundi kiwe na njia moja ya matangazo muhimu tu. SMS ya kawaida inafaa zaidi, maana haihitaji bando.

Pia tuangalie afya. Mwanga wa kuwaka na kuzima haraka unaweza kuwaletea kifafa baadhi ya watu wenye ugonjwa huo. Si wote, lakini wapo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifafa, ulizeni kwanza kwenye kituo cha afya, na mpaka hapo mtumie mtetemo.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko taa. Mwanga unamwambia kiziwi kwamba anaitwa. Haumwambii anaitwa kwa nini. Kama katibu amezoea kupiga simu na kusema, basi taa itamulika, mama ataitazama, ataona jina la katibu, na hataweza kuzungumza naye. Itakata. Tumempa kengele bila mlango. Kwa hiyo kikundi ndicho kinachotakiwa kubadilika kwanza: tangazo liandikwe. Muda, mahali na sababu, kwa maneno machache.

Na hapo ile tabia yetu ya kuflashi, yaani kumpigia mtu na kukata kabla hajashika, inapata kazi nzuri. Ujumbe ukiingia taa humulika mara chache tu, ni rahisi kuukosa. Simu ikipigwa, taa humulika muda wote inapoita. Basi mkubaliane hivi: katibu atume SMS, halafu ampigie mwanachama huyo na kuiacha iite kidogo, kisha akate. Maana yake ni moja tu: "Soma ujumbe." Haigharimu hata senti, mradi isishikwe. Na mwanachama akishasoma, naye aflashi kurudisha jibu. Katibu akiona hakuna jibu, atume mtu kwa miguu.

Je, kama hajui kusoma? Wapo viziwi wengi wazima ambao hawakupata shule, hata baada ya shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias kufunguliwa mwaka 1961, kwa maana shule zilikuwa chache na karo ilikuwa mzigo. Kwao, namba na picha husaidia: saa ya mkutano iandikwe kwa tarakimu, na picha ya mahali penyewe itumwe. Anayejua Lugha ya Ishara anaweza kutumiwa video fupi, ingawa hiyo inakula bando na kikundi kinafaa kuchangia. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara na njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano. Tafadhali, tukiwa hapo, tuache kumwita mtu "bubu". Ana jina, na ana lugha.

Msidhani somo hili ni la viziwi peke yao. Wazee ambao masikio yamepungua nguvu, mwenye posho mill anayeshinda kwenye kelele, kijana wa injini ya boti, wote hawa hukosa simu kila siku na huona aibu kusema.

Katika mkutano ujao, chukueni nusu saa. Mzungumzie maswali haya: Ni nani kati yetu amewahi kutozwa faini kwa sababu hakusikia tangazo? Je, pesa hiyo irudishwe? Nani hupata habari zake kupitia mtoto au jirani, na yeye mwenyewe anaonaje? Huyo mwenyewe aulizwe, asisemewe. Baada ya hapo wekeni simu zenu kifudifudi mezani, fungeni madirisha, na katibu atume ujumbe mmoja mmoja muone ni zipi zinamulika. Jaribuni pia simu ikiwa imewekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa, kwa sababu hapo nyingine hukataa. Makubaliano ya "SMS kisha flashi" yaandikwe katika kitabu cha mkutano pamoja na sheria nyingine za kikundi. Wale ambao simu zao zimekataa kabisa, waandike aina ya simu na toleo lake kwenye karatasi wampe katibu, ili atakayevuka kwenda Mbita aulize kwa fundi.