Kichanga Ambaye Jinsia Yake Haijaeleweka

Shangazi akiuliza, "Wa kiume au wa kike?", mjibu tu, "Bado anapimwa." Mzazi wa Kalenga, hilo ni jibu halali, wala si la aibu.

Mkunga huangalia mambo machache: uume mdogo mno, tundu la mkojo lililo chini badala ya nchani, kinembe kilichokua kupita kiasi. Lakini mtoto anayeonekana wa kiume na korodani hazishikiki hata moja asirudi nyumbani kwanza. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Tosamaganga au Iringa mjini. Huenda ni wa kike mwenye hitilafu ya kurithi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga homoni za kiume kwa wingi, na mara nyingi zinashindwa kutunza chumvi mwilini. Wiki ya pili au ya tatu mtoto anatapika, anakataa ziwa, analegea. Nyumbani watasema ni mchango, na akicheleweshwa anakufa. Dawa ipo, haidrokotisoni ya kila siku maisha yote. Kaka zake wenye hitilafu hiyohiyo kwa kawaida huzaliwa na maumbile yasiyotiliwa shaka, kwa hiyo kama mliwahi kuzika kichanga aliyetapika hivyo, mwambieni daktari.

Haraka ni ya hapo. Upasuaji wa kurekebisha maumbile unaweza kusubiri, isipokuwa njia ya mkojo imeziba. Kwanza vipimo vya damu na homoni, ultrasaundi, na vinasaba ambavyo majibu yake huchelewa. Kilichokatwa hakirudi, na wapo waliolelewa kama wasichana ambao walipobalehe sauti ikawa nzito.

Majirani zetu Wakenya wamelifikisha jambo hili mahakamani. Mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza penye nafasi ya jinsia. Mama yake akafungua kesi, na Jaji Isaac Lenaola akatoa hukumu mwaka 2014. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,524 wenye jinsia tata. Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza kubadili au kuondoa viungo vya mtoto wa namna hiyo bila ushauri wa daktari wa vinasaba.

Ugomvi kuhusu jinsia ya watoto unaousikia kutoka Ulaya na Marekani unahusu watoto wengine: waliozaliwa na maumbile ya kawaida lakini wanajiona wa jinsia nyingine. Ripoti ya Daktari Hilary Cass, Uingereza, Aprili 2024, ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia kubalehe ni dhaifu. Vyama vikubwa vya madaktari Marekani vinasema tiba hiyo inawasaidia. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha isimame sheria ya jimbo la Tennessee inayoizuia. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu kutibu kasoro za kuzaliwa, yaani kisu kwa kichanga mwenye jinsia tata hakikuguswa. Mimi ningetamani ugomvi uanzie hapo.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, una siku 90 za kuandikisha. Omba majibu ya vipimo kwanza. Beba kadi ya kliniki. Chumba cha uchunguzi kisijae watu, na mtu yeyote asimpige mtoto picha kwa simu. Una haki ya kukataa.