Homa ya Ini na Ukarabati wa DNA: Somo la Istilahi na Afya Katika Miji ya Mlima Kenya

1.0 Utangulizi

Mswahili husema kwamba maneno makali humkata mtu maini. Mkikuyu wa Nyeri naye hukiita kiungo hicho ini, kwani lugha hizi mbili zina asili moja ya Kibantu. Hata hivyo, kiungo hiki kinapougua, jina la ugonjwa hutatanisha. Wapo wanaouita homa ya manjano kwa kuwa macho ya mgonjwa hugeuka rangi. Homa ya manjano ni maradhi mengine, yaenezwayo na mbu. Homa ya ini aina ya B huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Isitoshe, wengi wenye kirusi hicho hawageuki manjano kamwe. Hukaa nacho kimya kwa miaka mingi. Makala haya yanakusudia kueleza kinachotendeka ndani ya seli katika kimya hicho.

2.0 Ukarabati wa DNA

DNA ni hazina ya maagizo ya seli. Kila siku, DNA ya seli moja hupata maelfu ya majeraha kutokana na kemikali zitokanazo na shughuli za seli yenyewe. Seli haifi kwa sababu ina mafundi wake, yaani protini za ukarabati. Baadhi hutambua jeraha, wengine hukata kipande kilichoharibika, wengine huziba pengo. Protini iitwayo p53 ni kama msimamizi: huizuia seli isigawanyike kabla ya kazi kwisha, na uharibifu ukizidi, huiamuru ife.

3.0 Mbinu ya Kirusi

Kirusi cha B huunda protini iitwayo HBx, ambayo huiteka DDB1, mmojawapo wa mafundi hao. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba HBx huitumia DDB1 kuliangamiza kundi la protini liitwalo Smc5/6, ambalo huinyamazisha DNA ya kirusi. Kirusi hupata nafuu, lakini seli hupata hasara, kwa maana kundi hilo hilo hushiriki kuikarabati DNA yake. Aidha, vipande vya DNA ya kirusi huweza kujipachika ndani ya DNA ya mwenyeji. Kirusi cha C hakijipachiki hivyo. Chenyewe huchochea uvimbe wa muda mrefu unaozidisha majeraha ya DNA.

4.0 Mahindi Yenye Kuvu

Kutoka Nyeri na Karatina hadi Embu na Meru, githeri ni chakula cha kila siku. Mahindi yasiyokaushwa vyema huota kuvu itoayo sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika nyanda kame zilizo kusini-mashariki ya mlima, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Hivyo ni vifo vya ghafla. Madhara ya polepole ni haya: ini huigeuza sumu hiyo kuwa kemikali inayonata kwenye DNA, na mara nyingi jeni ya p53 ndiyo huharibika. Basi sumu hujeruhi, na kirusi huwapunguza mafundi. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba sumu pekee iliongeza hatari ya saratani ya ini takriban mara 3, kirusi pekee mara 7, na vyote viwili kwa pamoja mara 59.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2001, watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya kirusi cha B wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata chanjo hiyo. Yafaa wapimwe, na wasio na kirusi wachanjwe. Mahindi nayo yakaushwe barabara kabla ya kuhifadhiwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kazi ipo. Istilahi sumukuvu, inayotumika Tanzania kwa aflatoksini, hutaja chanzo cha madhara papo hapo. Homa ya ini nayo hukitaja kiungo kinachougua. Homa ya manjano, ikitumiwa mahali pake, humpeleka mgonjwa kutafuta chandarua ilhali anahitaji kupimwa damu. Jina likipotoka, tiba huchelewa. Ni wajibu wetu kuzieneza istilahi sahihi vijijini na sokoni, zisibaki katika kurasa zetu tu.