Reubeni Alichelewa: Somo Juu ya Kuuzwa kwa Watu

Masomo: Mwanzo 37:12–36, Kutoka 21:16, Amosi 2:6, Matendo 16:16–19



Somo la mwezi huu nawaomba mlisome Biblia ikiwa mkononi, na ikiwezekana mlisome pamoja na watoto wenu. Linahusu dhambi ambayo wengi hudhani ilikwisha zamani za babu zetu, yaani kuuza watu.

1. Maandiko yanavyotufundisha

Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Je, ni nani waliomwuza? Hawakuwa maharamia wa njiani. Walikuwa ndugu zake wa baba mmoja, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemtuma kwao. Alikwenda bila wasiwasi, maana alikwenda kwa jamaa. Nao, wakiisha kumtupa shimoni, wakaketi kula chakula.

Sasa mwangalieni Reubeni. Yeye hakutaka Yusufu afe. Alikusudia kumtoa shimoni baadaye na kumrudisha kwa baba yao. Nia yake ilikuwa njema, lakini hakuwaambia wenzake waziwazi kwamba jambo hili ni ovu na liachwe. Aliporudi alikuta shimo tupu, akararua mavazi yake. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, lakini Yusufu alikwisha kuwa njiani kwenda Misri.

Torati inamhesabu mwizi wa watu kuwa amestahili kufa. Amosi anawakemea waliomwuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Na kule Filipi, Paulo alipomponya yule kijakazi, mabwana zake walikasirika kwa sababu faida yao imepotea. Hiyo ndiyo alama ya biashara hii popote ilipo: mmoja anafanya kazi, mwingine anakula jasho lake.

2. Watu wa kawaida walivyotenda

Waingereza walikuwa wafanya biashara wakubwa wa watumwa katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1787 watu 12 walikutana London katika duka la mpiga chapa, wakaunda chama cha kuipinga biashara hiyo. Tisa walikuwa Wakweka na watatu Waanglikana. Tangu mwaka 1791 nyumba nyingi ziliacha kununua sukari iliyolimwa na watumwa. Akina mama wa siku zile hawakuwa na kura, lakini wao ndio waliojua sukari gani inaingia jikoni. Bunge lilikataza biashara hiyo mwaka 1807, baada ya miaka 20 ya kazi.

Huku kwetu, soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa mahali pale pale. Lakini kufunga soko hakukumaliza utumwa. Sheria iliuondoa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka hiyo yote walimu na wauguzi wa misheni waliwalea na kuwafundisha watoto waliokombolewa, huko Kiungani na Mbweni. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Yule aliyepangiwa kuwa mali ya mtu akawa mchungaji wa watu.

3. Biashara hii leo

Leo hakuna mnyororo shingoni. Kuna ahadi. Mgeni, au shangazi, au rafiki wa familia anafika kijijini na nauli mkononi. Anasema binti atasomeshwa mjini, au kijana atapata kazi nzuri Ughaibuni. Wakifika, shule haipo, mshahara unalipwa kwa mtu mwingine au haulipwi kabisa, na pasipoti imefungiwa kabatini.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 yanatufundisha kutambua mambo matatu: tendo (kumchukua au kumpokea mtu), njia (hila, nguvu au vitisho), na kusudi (kumnyonya). Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, si lazima hila ithibitishwe. Tendo na kusudi vinatosha. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Kenya mwaka 2010.

Tusiwatafute wakosaji mbali tu. Je, yule mtoto anayebaki nyumbani kila Jumapili akiangalia sufuria, wakati sisi tunaimba kanisani, ni wa nani? Mama yake aliahidiwa nini?

4. Wajibu wetu

Kwanza, tuulize kabla mtoto hajaondoka. Anakwenda kwa nani, nyumba ipi, simu ipi? Kazi gani, mshahara kiasi gani, na nani ataupokea? Atasoma shule ipi? Mtu mwema hachukii maswali haya. Akichukia, mtoto abaki nyumbani.

Pili, kijana anayekwenda nchi za nje asome mkataba wake kwa lugha anayoielewa, na nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani.

Tatu, kijana asiondoke bila barua ya padri kwa mtaa wa kule aendako, na Umoja wa Akina Mama wa kule wamtembelee mwezi ule ule wa kwanza. Jambo hili halihitaji fedha.

Nne, walimu wenzangu, daftari la mahudhurio ni silaha. Niliwaambia wanafunzi wangu wa ualimu kwamba jina lisiloitika siku tatu lifuatwe mpaka nyumbani. Mtoto huanza kupotea darasani kabla hajapotea kijijini.

Tano, tulio na watumishi wa ndani, tuwalipe wenyewe mkononi, wapige simu kwao, nao waje kanisani. Sheria yetu inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Sita, ukiona dalili mbaya, usiende kugombana peke yako. Toa habari Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu ya bure namba 116 kwa habari za watoto. Fanya hivyo leo. Reubeni alisema moyoni kwamba atarudi baadaye.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini ndugu za Yusufu waliweza kula chakula wakati ndugu yao yuko shimoni? Sisi tunakula huku nani akilia?
2. Yuda ndiye aliyeshauri Yusufu auzwe. Someni Mwanzo 44:33. Amebadilika namna gani?
3. Taja vijana wa mtaa wetu walioondoka mwaka huu. Nani amesikia sauti zao, na lini?

Swali la tatu lijibiwe kwa majina. Jina lisilo na jibu lipelekwe kwa padri juma hili hili.